Selimundu: chanzo kinajulikana tangu 1949, watoto bado hawapimwi

Mtoto wa miaka miwili anapofariki wodini kwa homa, jalada lake huandikwa malaria. Au nimonia. Au upungufu mkubwa wa damu. Walioandika hawakudanganya, kwani kweli malaria ilikuwepo na kweli damu ilikuwa imemwishia. Ila mara nyingi kuna jina jingine lililopaswa kutangulia hayo yote, nalo halikuandikwa kwa sababu hakuna aliyewahi kumpima. Jina hilo ni selimundu, au siko seli kama wengi wanavyoiita mitaani.

Watafiti waliojaribu kuvihesabu vifo hivi vilivyojificha walichapisha makadirio yao mwaka 2023 katika jarida la Lancet Haematology. Kwa mwaka 2021, vifo vilivyohesabiwa moja kwa moja kuwa vya selimundu duniani kote vilikuwa kama 34,400. Walipovijumlisha na vile vilivyopita kwa majina ya magonjwa mengine, hesabu ikafika 376,000, yaani mara kumi na moja. Mwaka huohuo walizaliwa watoto wapatao 515,000 wenye ugonjwa huu, zaidi ya robo tatu yao Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania hutajwa katika kundi moja na Nigeria, Kongo na India; makadirio yanayotumiwa sana ni kwamba hapa nchini huzaliwa watoto 11,000 kila mwaka wakiwa nao.

Hesabu hizo zingevumilika kidogo kama ugonjwa wenyewe ungekuwa fumbo. Lakini selimundu ndiyo maradhi ya kwanza katika historia ya tiba kufuatiliwa chanzo chake hadi kwenye molekuli moja. Hakuna ugonjwa wa kurithi unaoeleweka kuliko huu. Na hapo ndipo aibu ilipo.

Mwaka 1910, James Herrick, daktari wa Chicago, aliandika kuhusu kijana mmoja kutoka kisiwa cha Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Chembe nyekundu za damu yake, zilipotazamwa kwa hadubini, nyingine zilikuwa zimejikunja kama mundu. Miaka thelathini na tisa baadaye Linus Pauling na wenzake watatu, huko California, waliipitisha himoglobini ya wagonjwa kwenye umeme wakaona inasafiri tofauti na ya watu wenye afya. Ya watu wanaobeba hali hiyo bila kuugua ilikuwa mchanganyiko, sehemu ya kawaida na sehemu ya ugonjwa. Makala yao ya Novemba 1949 katika jarida la Science ilitamka wazi kwamba huu ni ugonjwa wa molekuli. Mwaka huohuo James Neel wa Michigan na E. A. Beet, daktari aliyekuwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha jinsi unavyorithiwa. Kisha Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaikatakata protini hiyo na kufikia 1957 akawa ameshaonyesha mahali penyewe pa kosa.

Kosa lenyewe ni dogo mno. Himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni katika damu. Sehemu yake moja, mnyororo wa beta, hujengwa na asidi amino 146 zilizopangwa kwa mfuatano maalumu. Kwa mwenye selimundu ni ya sita tu iliyobadilika: mahali pa asidi glutamiki pamekaa valini, kwa sababu herufi moja ya vinasaba, A, imekuwa T. Basi. Lakini himoglobini yenye valini mahali hapo, ikishaachia oksijeni, hushikamana na nyenzake na kufanya nyuzi ndefu ngumu zinazoipinda chembe nzima. Chembe iliyopinda haipiti vizuri kwenye mishipa midogo. Ikiziba mfupani, mtoto hulia usiku kucha. Ikiziba kwenye ubongo, anapata kiharusi akiwa darasa la kwanza. Tena chembe hizo hazidumu. Chembe ya kawaida huishi siku kama 120, ilhali hizi hufa baada ya wiki mbili au tatu, ndiyo maana macho ya mgonjwa huwa ya njano na damu haimtoshi. Bandama, kiungo kinachochuja vimelea kwenye damu, huharibika mapema utotoni, na bakteria wa nimonia wanapata mlango wazi.

Ili augue, mtoto lazima arithi jeni hiyo kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa AS, yaani kila mmoja ana jeni moja nzima na moja yenye kosa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kutoa mtoto SS, mwenye jeni zote mbili zenye kosa. Hili linastahili kusemwa kwa sauti kubwa, maana bado wapo waume wanaowarudisha wake zao kwao kwa madai kwamba ukoo wa mwanamke ndio uliokuja na maradhi ya damu. Sayansi ilishawajibu miaka zaidi ya sabini iliyopita: nusu ya kosa ni yao.

Sehemu ya Afrika Mashariki katika hadithi hii ni kubwa kuliko vitabu vya shule vinavyosema. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 akakulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alirudi na msafara wa kisayansi uliokwenda Mlima Kenya, akachukua fursa hiyo kukusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Alichokiona kilimshangaza. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano walikuwa na jeni ya selimundu. Kwenye nyanda za juu zenye baridi hawakufika hata mmoja kati ya mia. Jeni inayoua watoto ilipaswa kufutika yenyewe vizazi vingi nyuma. Kwa nini ilizidi kustawi mahali fulani? Allison aliitazama ramani akaona mbu.

Alirudi mwaka 1953 kulijaribu wazo lake. Kwa watoto 290 wa Kiganda aliowapima, vimelea vya malaria vilionekana kwa asilimia 46 ya wasio na jeni hiyo, na kwa asilimia 28 tu ya wenye nayo. Nairobi alifanya jaribio zito zaidi, ambalo kamati yoyote ya maadili ya leo ingeliuliza maswali magumu: wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi, 15 wakiwa na jeni ya selimundu na 15 hawana. Katika kundi la wasio nayo, 14 walipata vimelea. Katika kundi la wenye nayo, wawili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954 na hadi leo hufundishwa vyuo vikuu vingi duniani kama mfano bora wa uteuzi wa asilia kwa binadamu. Jina la Allison liko kwenye kila kitabu. Wale wanaume 30 hawatajwi humo kwa majina, ingawa bila mikono yao iliyodungwa kusingekuwa na mfano wowote wa kufundishia.

Kwa maneno mengine, mtu wa AS amekingwa. Tafiti za Kilifi, Pwani ya Kenya, katika kituo cha KEMRI na Wellcome Trust, zimeonyesha kwamba kinga hiyo dhidi ya malaria kali hufikia takriban asilimia 90. Mtoto wa SS ndiye anayeilipia, kwa sababu malaria ikimpata, damu yake kidogo huporomoka haraka. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba kosa hili lilitokea mara moja tu, kwa mtu mmoja, yapata miaka 7,300 iliyopita barani Afrika, kisha likasambaa na watu waliohama na waliohamishwa. Ndiyo maana madaktari wa Oman hukuta kwa wagonjwa wao, pamoja na aina ya Kiarabu na Kihindi, ile aina ya jeni inayoitwa ya Kibantu, kumbukumbu ya karne za majahazi na za utumwa kati ya pwani mbili.

Kilifi haikuishia hapo. Mwaka 2020 watafiti wa kituo hicho na wenzao walieleza katika jarida la Nature jinsi aina adimu ya damu iitwayo Dantu, inayopatikana kwa baadhi ya watu wa Pwani ya Kenya, inavyovizuia vimelea vya malaria: ngozi ya chembe nyekundu inakaza kiasi kwamba kimelea hakipenyi. Mwishoni mwa 2021 ikaja habari isiyopendeza. Kwa kulinganisha vinasaba vya watoto wagonjwa wa Kenya na Gambia na vinasaba vya vimelea vilivyowaambukiza, iligunduliwa kwamba kuna vimelea vya malaria vilivyobadilika mahali patatu, na vimelea hivyo vinaweza kuwaugulisha hata watu wa AS. Yaani mbio zile za binadamu na malaria alizoziona Allison bado zinaendelea. Huo ni utafiti wa hali ya juu, uliofanyika kwa sampuli na akili za watu wa hapahapa, na wanaoona maabara kama hizo ni anasa ya wafadhili wanakosea sana.

Sasa habari kubwa ya miaka ya karibuni, ambayo mizizi yake ni ya zamani. Tangu 1948, daktari Janet Watson wa New York alikuwa ameona kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaumwi miezi ya mwanzo, akahisi kwamba himoglobini ya tumboni, ile anayotumia mtoto kabla hajazaliwa, ndiyo inayowalinda. Himoglobini hiyo haina mnyororo wa beta, kwa hiyo haina kosa. Tatizo ni kwamba mwili huizima taratibu baada ya kuzaliwa. Mnamo 2008 maabara ya Stuart Orkin huko Boston ilithibitisha kwamba jeni iitwayo BCL11A ndiyo swichi inayoizima. Ikabaki kutafuta njia ya kuigusa swichi hiyo. Mkasi wa vinasaba, CRISPR, uliowapatia Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier Tuzo ya Nobel mwaka 2020, ndio ulioifanya kazi hiyo iwezekane.

Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya Casgevy, na Marekani ikafuata tarehe 8 Desemba. Seli za uloto za mgonjwa mwenyewe hutolewa, hupelekwa maabara, hukatwa mahali panapoiendesha BCL11A kwenye seli za damu, kisha hurudishwa mwilini. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila kupatwa na maumivu makali yale yanayowalaza hospitali. Kwa mtu aliyekuwa akilazwa kila mwezi, huo ni uhai mpya, na hakuna haja ya kuubeza.

Ila bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Hesabu ni rahisi. Watoto 11,000 wanaozaliwa Tanzania kwa mwaka wangehitaji dola bilioni 24.2, sawa na takriban shilingi trilioni 60. Bajeti nzima ya Serikali kwa mwaka 2024/25, pamoja na mishahara, barabara, reli na madeni, ilikuwa trilioni 49.35. Na fedha si kikwazo pekee: kabla ya kurudishiwa seli zake, mgonjwa hupewa dawa kali ya kuuteketeza uloto wa zamani, akakaa hospitali majuma kadhaa bila kinga, akahitaji chumba safi, damu ya kutosha na wataalamu wasiopatikana kila mkoa. Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani na Wakfu wa Gates waliahidi mwaka 2019 kutoa dola milioni 100 kila mmoja kutafuta tiba ya vinasaba inayoweza kutolewa kwa sindano tu, bila hekaheka zote hizo, mahsusi kwa nchi kama zetu. Inaweza kufanikiwa. Lakini mtoto aliyezaliwa juzi Sengerema hawezi kuisubiri.

Upandikizaji wa uloto kutoka kwa ndugu ambaye tishu zake zinalingana na za mgonjwa ni njia nyingine, na ni sifa kwa Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma kwamba imeshawafanyia watoto wenye selimundu. Hata hivyo wenye ndugu wanaofaa ni wachache, na vitanda vya huduma hiyo ni vichache zaidi.

Kuna onyo jingine ambalo halikupata vichwa vya habari vikubwa hapa kwetu. Voxelotor ilikuwa dawa iliyobuniwa kwa ufundi wa kimolekuli hasa: inajishikiza kwenye himoglobini ili isiachie oksijeni upesi, na kwa hiyo isishikamane. Marekani iliiidhinisha mwaka 2019 kwa kigezo kwamba iliongeza kiwango cha himoglobini kwenye damu. Dawa ikauzwa. Lakini katika jaribio la watoto walio kwenye hatari ya kiharusi, lililohusisha nchi kadhaa zikiwemo Kenya, Ghana, Nigeria na Oman, walifariki wanane kati ya waliopewa dawa, dhidi ya wawili waliopewa kidonge kisicho na dawa. Baadhi yao walikuwa na malaria. Septemba 2024 kampuni iliyokuwa ikiitengeneza iliiondoa sokoni duniani kote. Funzo lake ni la vitendo kabisa: dawa ya damu isiyojaribiwa mahali penye malaria haijajaribiwa kwa ajili ya watu wanaoishi na malaria, hata kama mantiki yake ya kimolekuli inapendeza kwenye ubao.

Wakati huohuo, dawa iliyojaribiwa hapa na ikafaulu ni ya zamani hadi inachosha kuitaja. Haidroksiyurea ilitengenezwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1869, ikatumika kwa saratani za damu, na mwaka 1998 Marekani ikairuhusu kwa watu wazima wenye selimundu. Ni kidonge cha kumeza mara moja kwa siku. Huiamsha ileile himoglobini ya tumboni, bila mkasi wa vinasaba na bila kuuteketeza uloto. Kwa miaka mingi madaktari wa Afrika waliiogopa: ingekuwaje ikiwashusha watoto kinga mahali palipojaa malaria?

Jibu lilitoka Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale. Utafiti uitwao REACH uliwaanzishia dawa hiyo watoto 606 wa umri wa mwaka 1 hadi 10, na matokeo yakachapishwa Desemba 2018 katika New England Journal of Medicine. Ukilinganisha na hali yao kabla ya dawa, kwa kila watoto 100 kwa mwaka, vipindi vya maumivu makali vilishuka kutoka 98 hadi 45. Kuongezewa damu kulishuka kutoka mara 43 hadi 14. Malaria, ile iliyoogopwa, ilipungua kwa nusu. Vifo vilitoka 3.6 vikawa 1.1. Mpinzani atasema, na atakuwa na haki, kwamba watoto walilinganishwa na wao wenyewe wala si na kundi lisilopewa dawa. Ni kweli. Lakini Uganda ilishafanya jaribio lenye kundi la namna hiyo katika Hospitali ya Mulago, likachapishwa 2017, nalo halikuona malaria ikiongezeka. Shirika la Afya Duniani limeiweka haidroksiyurea kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa watoto wa selimundu. Kilichobaki ni dawa kuwepo dirishani, kila mwezi, kwa bei ambayo mama muuza mboga anaimudu au bila malipo kabisa.

Na hapo ndipo hoja yote inapokwama: huwezi kumpa dawa mtoto usiyemjua.

Kwa kuwa himoglobini ya tumboni humlinda miezi ya mwanzo, mtoto wa SS huzaliwa mzima, ananyonya, anaongezeka uzito, na kadi yake ya kliniki inapendeza. Dalili huanza baada ya takriban miezi sita, mara nyingi kwa vidole vya mikono na miguu kuvimba. Wengine hawapati hata nafasi ya kuonyesha dalili. Homa ya kwanza inaondoka nao. Katika wagonjwa 1,725 waliofuatiliwa na Profesa Julie Makani na wenzake katika Hospitali ya Muhimbili kati ya 2004 na 2009, waliokufa zaidi walikuwa wa chini ya miaka mitano. Nao hao ni wale waliobahatika kufika kliniki ya rufaa na kujulikana.

Jamaika, nchi isiyo tajiri, ilionyesha mapema kinachowezekana. Kuanzia 1973 Graham Serjeant na wenzake walipima damu ya watoto wachanga 100,000 hospitalini Kingston na kuwafuatilia waliokutwa na ugonjwa. Waligundua kwamba wengi walikuwa wakifa kwa bandama kuvimba ghafla na kumeza damu ya mwili kwa saa chache. Hawakungoja mashine. Waliwafundisha kina mama kulipapasa tumbo la mtoto, chini ya mbavu za kushoto, na kukimbilia hospitali wakihisi bandama imekua. Vifo vya aina hiyo vilipungua kwa takriban asilimia 90. Mwaka 1986 utafiti wa Marekani ukaonyesha kwamba penisilini ya kila siku kwa watoto wadogo wa selimundu inapunguza maambukizi makali ya bakteria wa nimonia kwa asilimia 84, na mwaka uliofuata wataalamu wakapendekeza kila mtoto achunguzwe anapozaliwa. Mkono wa mama na penisilini, vitu viwili hivi vimeokoa watoto wengi kuliko maarifa yote ya mfuatano wa asidi amino. Lakini havifanyi kazi bila kitu cha tatu, tone la damu kutoka kisiginoni.

Je, kupima watoto wote Afrika Mashariki ni ndoto? Uganda ilishajibu. Mwaka 2014 na 2015 maabara yake kuu ya afya ya jamii mjini Kampala ilikuwa na karatasi za damu kavu za watoto zilizoletwa kutoka wilaya zote kwa ajili ya kipimo cha VVU. Badala ya kuzitupa, wataalamu walizipima tena kwa selimundu. Sampuli zilikuwa zaidi ya 97,000. Asilimia 13.3 ya watoto walikuwa na jeni moja, na 0.7 walikuwa wagonjwa. Katika baadhi ya wilaya, zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa mbebaji. Boda boda zilezile za kubebea sampuli, maabara ileile, wafanyakazi walewale. Dar es Salaam nako, katika mradi wa majaribio ulioanza 2015, watoto wachanga karibu 4,000 walichomwa kisigino na takriban wanane kwa kila elfu wakakutwa na ugonjwa. Siku hizi vipo hata vipimo vya papo kwa papo, vya ukubwa wa kile cha mimba, vinavyotoa jibu kabla mama hajamaliza kumvisha mtoto nguo.

Wapo wanaopinga kwa kusema tatizo litazuiwa kwenye ndoa. Saudi Arabia ililazimisha vipimo kabla ya ndoa kuanzia 2004, ikiwaachia wachumba uamuzi wa kuendelea au kuacha, na katika miaka iliyofuata wengi zaidi waliokutwa wote wana jeni waliamua kuvunja uchumba. Nchini Nigeria makanisa mengi hudai cheti cha damu kabla ya kufunga ndoa. Vijana wa hapa kujua kama ni AA, yaani hawana jeni hiyo, au AS ni jambo jema, na lihimizwe shuleni na vyuoni. Lakini kulifanya sharti la ndoa katika nchi ambako pwani na kanda ya ziwa mtu mmoja kati ya saba au watano anabeba jeni hiyo ni kutafuta unyanyapaa mpya, tena mzigo utamwangukia binti. Isitoshe, cheti cha ndoa hakimsaidii mtoto ambaye tayari amezaliwa.

Kinachohitajika hakina maajabu. Kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, palipoandikwa BCG na polio, uongezwe mstari mmoja wa selimundu, kipimo kikifanyika siku ya kuzaliwa au siku ya chanjo ya kwanza. Atakayekutwa na SS apewe penisilini kuanzia miezi miwili, chanjo zake zote za nimonia, chandarua na kinga ya malaria, mama yake afundishwe kuipapasa bandama, na haidroksiyurea ianze kuanzia miezi tisa chini ya uangalizi wa hospitali ya wilaya, si ya taifa pekee. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeshapita, na huo ni mlango mzuri wa kuingizia huduma hii kwa mtoto wa mkulima kama kwa mtoto wa mtumishi.

Bajeti ya Serikali husomwa Juni, na tarehe 19 ya mwezi huohuo ni Siku ya Selimundu Duniani. Fulana zitavaliwa na hotuba zitatolewa. Wabunge wenye watoto na wajukuu waitumie wiki hiyo kumwuliza Waziri wa Afya maswali mawili, wakitaka majibu ya tarakimu, mkoa kwa mkoa: katika watoto waliozaliwa mwaka huu, wangapi walipimwa selimundu, na katika waliokutwa nayo, wangapi walipata dawa yao mwezi uliopita?